Hesabu Mpaka Kumi

Darubini ni moja, watoto thelathini na mmoja.
Kila mtu anahesabiwa mpaka kumi, kisha anampa mwenziwe.
Yeferson huhesabu mbio zamu ikiwa ya mwingine;
ikiwa yake, kati ya saba na nane
anapitisha msimu mzima wa ukungu.

Mimi sikutaka kuja.
Jumapili ni siku ya lori la maji,
na asiyekuwepo mlangoni pipa lake hulala kavu.
Lakini karatasi ilisema: mtoto na mzazi wake,
bure, na mkate utakuwepo.
Maricielo aliibandika ukutani kwa dawa ya meno.

"Wanyama?" nilimcheka mwalimu Nilda.
"Huku juu tuna mbwa na viroboto.
Wanyama wako bustanini, ng'ambo ya Lima,
mabasi matatu kwenda, matatu kurudi,
na kiingilio chetu sote ni mchele wa siku tano."
Akanyoosha kidole nyuma ya choo changu,
pale kilima kinapoingia mawinguni.
"Bi Abelina, mlango ule pale. Hauna tiketi."

Miaka kumi na mmoja nimeanika nguo nikikipa mgongo kilima hicho.
Kiangazi ni vumbi, rangi ya mfuko wa saruji.
Juni ukungu hupanda kutoka baharini, hukaa, haunyeshi,
hulowesha tu: shuka, mbao za ukuta, vifua vya watoto.
Nimeulaani kila Juni.
Sikujua kuna kitu kinaunywa.

Kumbe kijani chote hiki kilikuwa kimelala chini ya vumbi!
Maua ya njano yametoboa kati ya mawe,
na konokono, wengi, wamejifungia kwenye magamba yao
kama wapangaji wanaodaiwa kodi.
Nilichuma jani, nikalifikicha, nikanusa:
mikono ya mama yangu, Ayacucho, kabla hatujakimbia.
Jina lake nililijua kwa Kikechua.
Sijawahi kumfundisha mwanangu hata neno moja.
Nikalisema. Watoto wakaliandika, kila mmoja kivyake,
na wote wakakosea.

Zamu yangu ikafika. Nami walinihesabia, bila huruma.
Moja: ukungu.
Mbili: kope zangu mwenyewe.
Tatu: jiwe.
Nne: jiwe likageuza shingo.

Bundi! Mchana kweupe, chini ardhini,
miguu mirefu, macho makavu,
kama karani aliyegongewa mlango saa ya chakula.
Kwetu bundi akilia watu huanza kupima mbao za jeneza.
Nilitaka kutema mate, nimtaje Mungu.
"Mama, hatabiri kitu," Maricielo akaninong'oneza.
"Anangoja tuondoke alishe wanawe. Anaishi kwenye shimo."

Tano. Sita.
Hatua chache kutoka shimoni, mstari wa chokaa,
mbichi, umenyooka, umepinda kona:
kiwanja namba kumi na nne.
Mwalimu aliuona, akaanza kukata mkate.
Sote tunamjua anayechora usiku.
Nami nilinunua kwake, namba tisa,
kwa pesa ya pete na cherehani.
Saba.
"Mama," akasema mwanangu, mdomo umejaa,
"jikoni kwetu palikuwa na shimo la nani?"

Nane, tisa, kumi.
Niliitoa darubini machoni kabla hawajanipokonya.

Tuliporudi lori lilikuwa limepita.
Jirani alitukopesha ndoo mbili, akahesabu kwa sauti ili nisisahau.
Nilipika. Tulilala. Ukungu ulipiga paa usiku kucha
kwa vidole vya mtu asiye na haraka.

Asubuhi viatu vya Maricielo vilikuwa mlangoni,
nyayo zake nyeupe kwa chokaa.
Sikumwamsha nikamuuliza.
Nilichota kikombe kimoja cha maji ya mkopo
nikavisugua, kimoja, kisha cha pili,
kabla jirani hajatoka nje.